KARATASI ZA BABU ZETU: TUTAFUTE NASABA ZETU KABLA HAZIJAPOTEA



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, hebu jiulize swali moja tu kabla hujaendelea. Baba yake babu yako aliitwa nani? Na mama yake je? Alizaliwa wapi, akazikwa wapi? Wengi wetu hapa Kariobangi tukiulizwa kwetu ni wapi, tunajibu haraka haraka: Lamu, au Mambrui, au Takaungu, au Vanga. Tukiulizwa Takaungu nyumba gani, kwa nani, hapo maneno yanaisha. Kwenda tumekwenda, pengine kwenye mazishi au arusi, siku mbili tukarudi. Lakini kujua hatujui.

Makala haya yanahusu namna ya kujua. Nia yangu si kuleta hadithi za masultani. Nataka kuonyesha kwamba habari za watu wa kawaida wa miji midogo ya pwani, yaani wavuvi, wakulima wa minazi, akina mama wenye vijishamba, ziliandikwa, na nyingi bado zipo. Tatizo ni kwamba zimeandikwa kwa herufi ambazo watoto wa shule hawazisomi, na zimewekwa mahali ambapo hatuendi. Na sisi tuliopitia chuoni tukasoma alifu na bee ndio tunaoweza kuzifungua. Tukizembea, ajaye baada yetu hataweza.

TUMETOKAJE HUKO TUKAFIKA HAPA

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi 1899. Pamoja nayo, na hata pamoja na misafara ya wapagazi iliyotangulia, walikuja Waislamu wa pwani. Walijenga vijiji vyao pembeni ya mji, na kimoja kiliitwa Mombasa hasa. Kingine kilikuwa Pangani. Serikali ya kikoloni ikaanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wote wahamie huko. Pangani ya zamani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Kariokor tunayoipita kila siku imepata jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918. Kariobangi yetu yenyewe ilianza miaka ya 1960, watu walipokuwa wakihamishwa kutoka sehemu nyingine za jiji.

Kwa hiyo familia nyingi zimehama mara tatu au nne ndani ya miaka mia moja. Kila ukihama, sanduku moja linabaki nyuma. Na mara nyingi ni lile sanduku la karatasi.

DINI YENYEWE ILITUAMRISHA KUANDIKA

Kuna watu hudhani kwamba wazee wetu walikuwa watu wa mdomo tu, na kwamba maandishi yaliletwa na Mzungu. Hilo si kweli. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia nini? Inazungumzia kuandika deni. Waumini wanaamrishwa wakikopeshana kwa muda maalumu waandike, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, na washuhudie mashahidi. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfai alale usiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa.

Basi watu wa pwani walitii. Aliyenunua mnazi aliandikiana na mwenziwe. Aliyeweka rehani shamba aliandika. Aliyeoa, aliyeacha, aliyekufa akaacha mali, kadhi aliandika. Hata mawe yaliandikwa. Msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi. Huo ni mwaka mmoja tu ulioandikwa ukutani, na bado unatosha kunyamazisha kila anayesema Uislamu uliingia pwani juzi.

Na Siyu, mji mdogo katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa waandishi wake walionakili misahafu kwa mkono. Ukibahatika kushika msahafu wa zamani wa familia, usiangalie aya peke yake. Fungua kurasa za mwanzo na za mwisho. Humo ndimo wazee walikuwa wakiandika nani amezaliwa, siku gani, mwezi gani, na msahafu ulikuwa wakfu wa nani. Huenda ukurasa huo mmoja ndio cheti cha kuzaliwa cha babu yako.

KARATASI ZIKO WAPI

Tuchukue mfano. Kijana wa hapa mtaani nyanya yake alizaliwa Takaungu. Mji huu uko katika kaunti ya Kilifi, na baadhi ya Mazrui walihamia huko baada ya Sayyid Said kuwaondoa Mombasa mwaka 1837. Wenzao wengine wakaenda Gazi, kusini. Lakini nyanya huyu tuseme si Mazrui, ni mtu wa kawaida tu. Aanzie wapi?

Kwanza, kwa kadhi. Wakati wa ukoloni, ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, na Waingereza wakautawala tangu 1895. Waliacha utaratibu wa Liwali katika miji mikubwa kama Mombasa, Malindi na Lamu, na mudiri katika midogo kama Takaungu na Mambrui, pamoja na makadhi. Sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu ilianza mwaka 1906. Kwa hiyo ndoa ya nyanya inaweza kuwa kwenye daftari: jina lake, jina la babake, walii aliyemuoza, mashahidi, na mahari. Na angalia jambo hili: mashahidi na mawalii aghalabu ni watu wa jamaa. Ukipata ndoa moja umepata wanaume wanne au watano wa ukoo.

Pili, mirathi. Hapa pana hazina kubwa kuliko zote, hasa kuhusu akina mama. Katika simulizi za wazee, mti wa nasaba ni bin fulani bin fulani, na wanawake hawatajwi. Lakini Uislamu umempa binti fungu lake, mke fungu lake, mama fungu lake, na kadhi hawezi kugawa bila kuwataja. Mama aliyesahauliwa katika hadithi za barazani atakutwa katika karatasi ya mirathi, jina lake na la babake, na thumni au sudusi yake. Mtaalamu Elisabeth McMahon alichunguza mafaili ya mirathi ya Pemba akaandika kitabu kizima mwaka 2013 juu ya maisha ya watu ambao hakuna mwandishi aliyewahi kuwataja. Mafaili yalikuwepo siku zote. Aliyekosekana ni wa kuyafungua.

Tatu, wakfu. Tume ya Wakfu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1900 na ina makao yake Mombasa. Hati ya wakfu humtaja aliyeweka wakfu, aliyekabidhiwa kuusimamia, wanaonufaika, na mara nyingi husema ni watoto wake na watoto wa watoto wake. Msikiti, kisima, shamba la minazi, vyote vina hati.

Nne, ardhi. Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa afike mbele ya msajili, alete karatasi zake na mashahidi wake. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Madai hayo yaliandikwa. Na mipaka ya shamba kwenye hati za pwani ilitajwa kwa majirani: upande wa kibla kuna shamba la fulani, upande wa suheli la fulani, matlai la fulani, maghribi la fulani. Kwa hiyo hata kama babu yako hakununua wala hakuuza, anaweza kukutwa akiwa mpaka wa mtu mwingine. Usitafute jina lake peke yake. Tafuta majina ya majirani zake pia.

Tano, hapa hapa Nairobi. Ukipanda matatu kutoka Kariobangi ukashukia mjini, jengo la Nyaraka za Taifa liko kati ya Tom Mboya Street na Moi Avenue, penye sanamu ya Tom Mboya. Idara hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Kila siku watu wanakutana pale mlangoni kungojeana, wachache sana wanaingia ndani. Na ndani mna ripoti za wilaya za pwani na barua za maafisa wa kikoloni. Kwa kina sisi ambao wazee wetu walivuka kutoka Unguja na Pemba, kuna Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizoko Kilimani, zenye hati nyingi za Kiarabu, za mauziano, za mahakama na za wakfu.

Sita, makaburi na misikiti. Si kila kaburi lina maandishi, na si jambo la kufanyia fahari. Lakini pale yalipo, nakili kama yalivyo. Maji ya chumvi na mizizi ya miti haisubiri.

KUSOMA KUNATAKA UJUZI

Hapa ndipo elimu ya chuoni inapofaa. Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazikutosha sauti zetu zote. Herufi ya bee iliweza kusomwa b, au p, au mb. Herufi ya fee iliweza kuwa f au v. Kwa hiyo Pate huandikwa kwa bee, na Vanga ukiisoma kwa haraka unaweza kudhani ni neno lingine kabisa. Anayejua Kiarabu peke yake atakosea, na anayejua Kiswahili peke yake hataona kitu. Wewe mwenye vyote viwili ndiye unayehitajika.

Kisha kuna tarehe. Karatasi nyingi zina mwaka wa Hijria. Kukadiria mwaka wa Miladi, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 halafu ongeza 622. Mwaka 1325, kwa mfano, unakupa 1907, na kweli ulianza Februari 1907. Miezi nayo ina majina ya kienyeji. Pwani huhesabu kuanzia mfungo, yaani Ramadhan. Mfungo mosi ni Shawwal, mfungo nne ni Muharram, mfungo sita ni Rabiul Awwal, mwezi wa maulidi. Bibi akikwambia kazaliwa mfungo tisa, usicheke, amekupa mwezi kamili: Jumadal Akhira.

Na kuna majina ya udugu. Pwani "babu" anaweza kuwa mzee yeyote wa umri huo. "Ndugu" anaweza kuwa mtoto wa ami. "Baba" anaweza kuwa baba mdogo. Ukimhoji mzee, muulize wazi: ni tumbo moja? Ni baba mmoja? Kama hukuuliza, utachora mti ambao matawi yake yamevukana.

FANYA KAMA WATU WA HADITHI

Sisi tumefundishwa kwamba hadithi haikubaliwi mpaka isnadi yake ijulikane: nani kasikia kwa nani, na je, walikutana? Basi habari za ukoo nazo tuzifanyie hivyo hivyo. Mzee akisema babu yetu alitoka Hadhramaut na jahazi lake mwenyewe, andika, lakini andika pia ni nani aliyemwambia, na huyo aliambiwa na nani. Kisha tafuta karatasi. Karatasi na simulizi zikikubaliana, alhamdulillahi. Zikipingana, usizichane karatasi wala usimvunjie mzee heshima yake. Andika zote mbili.

Kumbuka yaliyoipata tarehe ya Pate. Inasimuliwa kwamba nakala ya asili ilipotea Waingereza waliposhambulia Witu mwaka 1890. Mzee mmoja wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana kama Bwana Kitini, ndiye aliyekuwa amehifadhi habari zile kichwani, na kwa kupitia kwake nakala mbalimbali ziliandikwa. Moja ilitoka katika kitabu cha Mwingereza Stigand mwaka 1913. Nakala hizo hazilingani katika miaka na hata katika wafalme, na wanahistoria mpaka leo wanabishana juu yake. Lakini bila mzee yule tungekuwa na nini? Funzo lake ni mawili: kumbukumbu ya mtu mmoja inaweza kuokoa mji, na kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Wapo wanavyuoni wetu walioifanya kazi hii vizuri. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akafariki 1947, aliandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wake. Kitabu hicho kilikuja kuchapishwa 1995, karibu miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa naye Kadhi Mkuu, alikusanya habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, nani alizaliwa wapi. Na katika miaka ya 2010, hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule wa Habib Saleh, zilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza, zaidi ya mia moja, ili zisipotee. Kazi ya masheikh na ya mabingwa hiyo. Ya kwako ni ya nyumba yenu.

MAJIVUNO NA AIBU

Sasa tufike kwenye jambo zito, ambalo ndilo linalowafanya wazee wengine wasitake watoto waulize maswali.

Pwani yetu ilikuwa na watumwa. Tusijidanganye. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Bwana aliyepoteza mtumwa aliweza kudai fidia, na madai hayo yaliandikwa. Anayetafuta nasaba yake kwa uaminifu lazima ajiandae kwamba anaweza kukuta jina la mzee wake upande wowote ule: la aliyemiliki, au la aliyemilikiwa. Na wengi wetu tukienda mbali vya kutosha tutawakuta wote wawili, maana walioana.

Wengine wakikuta hivyo huficha. Hubadilisha jina, hujipachika nasaba ya Uarabuni, hununua heshima kwa babu wa uongo. Ndugu yangu, hili ni hatari kwa dini yako. Mtume (S.A.W.) ametoa onyo kali kwa mtu anayejinasibisha na asiye babake hali anajua. Na aya ya 5 ya Suratul Ahzab imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kama baba zao hawajulikani, basi ni ndugu zetu katika dini. Hakuna kubuni.

Na aya hiyo inamhusu nani? Inamhusu Zayd bin Haritha (R.A.), aliyekamatwa akiwa mdogo akauzwa, kisha akaachwa huru na Mtume (S.A.W.). Watu walikuwa wakimwita Zayd bin Muhammad. Ikateremka aya, akarudishiwa jina la babake mzazi, Haritha. Yaani mtu aliyepitia utumwani ndiye aliyeteremshiwa wahyi ili nasaba yake ya kweli irudi. Na huyo huyo Zayd ndiye swahaba pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'an, katika sura hiyo hiyo. Sasa aibu iko wapi? Aibu ni ya aliyeuza watu, si ya aliyeuzwa.

Kwa hiyo ukikuta katika karatasi ya mwaka 1910 jina la mama mmoja lililoandikwa kwamba ni hadimu wa fulani, usilikunje ukalificha. Huenda ni yeye ambaye baadaye alinunua kijishamba kwa jasho lake, akaweka wakfu kisima, watu wakanywa. Huyo ndiye wa kujivunia, kama lazima tujivunie. Na aliyekuta babu yake alikuwa sharifu, au sultani, au mtoto wa Mazrui, naye amshukuru Mungu na asijikweze. Katika khutba ya kuaga Mtume (S.A.W.) ameshafunga mlango huo: Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa ucha Mungu.

HAKI ZINAZOPOTEA

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya wasomi, mimi natafuta kazi Light Industries. Sawa. Lakini fikiria kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wengi Waislamu wa mitaa yetu, wenye asili ya pwani, Wanubi na Wasomali, wameulizwa cheti cha babu walipokwenda kuomba kitambulisho. Wenzao hawaulizwi. Uonevu huo tuukatae, na tuupinge kwa sheria. Wakati huo huo mwenye karatasi na asiye nayo hawalali usingizi mmoja.

Waangalie Wapemba wa Kwale na Kilifi. Walivuka kutoka kisiwa cha Pemba, wengi wao wavuvi, wakakaa Kenya vizazi kadhaa, wakazaa na kuzika hapa. Bila kitambulisho hawakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lao, wala kufungua akaunti benki, wala kumpeleka mtoto mbele kielimu bila shida. Mpaka mwaka 2023 ndipo Serikali ilipowatambua rasmi kuwa raia. Wamakonde wa Kwale nao walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Swali ambalo watu hawa waliulizwa mara kwa mara ni lile lile: uthibitisho uko wapi kwamba mlikuwepo?

Na ardhi je? Niliyosema juu ya sheria ya 1908 hayajaisha. Wengi ambao hawakufika kwa msajili, kwa kutojua au kwa kuwa mbali, watoto wao leo wanaitwa maskwota juu ya ardhi waliyozaliwa. Na hata walioandikisha, warithi wamesambaa: mmoja Mombasa, mmoja Muscat, mmoja Kariobangi. Hakuna anayejuana na mwenzake, na anatokea mtu mwenye karatasi ya kughushi anauza. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu. Lakini kadhi hahukumu kwa "tulisikia". Anataka mashahidi na hati.

Juu ya yote kuna udugu wenyewe. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga jamaa zetu, na hadithi hii iko kwa Tirmidhi. Ndiyo nia sahihi ya kazi hii yote. Utamuunga vipi mtu usiyemjua kuwa yupo?

ANZA RAMADHAN HII

Tusingoje pesa wala shahada. Ramadhan watu wanakutana, nyoyo ni laini, na Idi wengi tutasafiri. Nashauri hivi:

1. Baada ya futari, kaa na mzee mmoja wa nyumba yenu. Simu yako ina kinasa sauti, mwombe ruhusa uwashe. Muulize majina, miji, nani alimuoza nani. Usimkatize.

2. Andika daftari. Kila habari na isnadi yake, na tarehe uliyoisikia.

3. Omba kuonyeshwa msahafu wa zamani na sanduku la karatasi. Piga picha mbele na nyuma, mahali penye mwanga. Usiziondoe karatasi kwa wenyewe, ni amana. Wala usizitie gundi ya plastiki, zitaharibika.

4. Ukienda pwani Idi, mpelekee salamu imamu na mzee wa msikiti. Uliza habari za kadhi wa zamani na daftari zake. Nenda kwa adabu, watu wameshachoka na wageni wanaochukua na hawarudishi.

5. Ukipata hati, mpe nakala kila ndugu. Karatasi iliyo mahali pamoja ni kama haipo, moto mmoja tu wa mtaani unatosha.

6. Mambo ya siri uyahifadhi. Talaka, madeni, watoto wa nje. Kuyajua si ruhusa ya kuyatangaza. Kusitiriana ni katika dini.

Na la saba ndilo kubwa: andika yako wewe. Jina lako mpaka babu wa tatu, mama yako na mamake, ulizaliwa wapi, deni unalodai na unalodaiwa, wasia wako. Sisi tunawalaumu wazee kwa kutotuachia karatasi, na vijana wa leo wana maelfu ya picha kwenye simu na hawana ukurasa mmoja wenye majina. Simu ikiibwa stendi ya matatu, historia imekwenda.

Ndugu zangu, wazee wa Takaungu na Mambrui na Faza hawakuwa matajiri. Walikuwa na kalamu ya mwanzi, wino wa masizi, na imani kwamba haki ya mtu lazima iandikwe. Sisi tuna vyote walivyokosa. Tumuombe Allah (S.W.) awarehemu waliotutangulia, waliojulikana na waliosahauliwa, mabwana na watumwa, awakutanishe katika rehma Yake, na atujaalie tuwe wenye kuunga udugu wala si wenye kuukata. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.